Mdhamini, Ng'ombe Watano

Ndugu msomaji, mimi si dereva. Leseni sina, na siku niliyojaribu kushika usukani niligonga banda la kuku la mama. Kazi yangu ilikuwa kalamu. Nilikuwa karani, mweka hazina, mshika tochi na mnunuzi wa soda wa timu ya mbio za magari yenye gari moja, watu watatu, na makao makuu chini ya mparachichi nyuma ya gereji ya baba mdogo, mjini Tarime.

Ukisikia timu ya mbio za magari usije ukadhani ni zile za kwenye runinga, mafundi ishirini wamevaa ovaroli za rangi moja na helikopta inazunguka juu. Sisi tulikuwa na Toyota Corolla iliyostaafu kazi ya mchomoko. Kwa msomaji asiye wa huku kwetu: mchomoko ni gari dogo la abiria, limeandikiwa watu watano, linabeba tisa, na linakwenda Sirari mpakani kana kwamba Kenya inahama. Baba mdogo alikuwa dereva na fundi. Mwanawe, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja, alikuwa msoma ramani. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 2017, nikapata Daraja la Nne, na tangu hapo nilikuwa nimekaa nyumbani naandika riwaya. Baba mdogo hakuona tofauti kati ya kuandika riwaya na kuandika hesabu. "Wewe si unaandika?" aliniambia. "Basi andika na hizi."

Kaunta buku niliyokuwa nayo ilikuwa ya riwaya. Riwaya ikaishia ukurasa wa kumi na moja, mahali ambapo shujaa wangu anapanda basi la kwenda Mwanza, na ukurasa wa kumi na mbili ukaanza na bei ya mabomba ya chuma. Shujaa yule hajashuka kwenye basi mpaka leo.

Ugonjwa huu wa mbio uliingia katika ukoo wetu kupitia Kericho. Babu mzaa baba alikuwa mchuma chai kule miaka ya sitini, na Kericho ndiko alikozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932. Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza 1953, wakoloni wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalikuwa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 lililokwisha tumika, ambalo walilitengeneza kwa mikono yao. Babu alirudi nyumbani na redio, blanketi mbili na hadithi hiyo. Redio iliharibika, blanketi zikaliwa na panya. Hadithi ikabaki. "Singasinga wa Kericho," alikuwa akituambia, "hakununua gari jipya. Alinunua spana."

Baba mdogo alipopata akili, Safari ilikuwa imebaki ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 mpaka wenyewe ukafungwa Jumuiya ilipovunjika. Kwa hiyo mbio zote alizozijua utotoni zilitoka mdomoni mwa mzee. Lakini alizishika kama watu wengine wanavyoshika katekisimu. Ukimwuliza, atakwambia kwamba mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza saba. Atakwambia Joginder aliingia Safari mara 22 akafika mwisho mara 19, na akashinda tena 1974 na 1976. Atakwambia habari za Patrick Njiru wa Kenya mwaka 1993, na Subaru Vivio yake ya injini ya sisi 660, kigari ambacho ukikiona mjini utadhani mwenyewe ameenda kuleta kikubwa. Vivio zilikuwa tatu mwaka ule, na mojawapo iliendeshwa na Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Ya McRae ilikufa njiani. Ya Njiru ilifika, ya kumi na mbili.

"Kufika, mura," baba mdogo alikuwa akisema, huku anajifuta grisi na kipande cha fulana. "Hela ya kushinda hatuna. Hela ya kufika tutaipata."

Safari ilikuwa imetoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudi, Juni 2021, pale Naivasha, baba mdogo aliitazama siku zote kwenye runinga ya baa moja Sirari. Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota. Usiku ule baba mdogo alirudi nyumbani na hakugusa chakula, mama mdogo akadhani amegombana na watu mpakani. Asubuhi alimwita dereva wa mchomoko wake, akamwambia leta funguo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika, hata kabla hatujanunua kitu. Gari lile lilikuwa likileta shilingi 30,000 kila jioni. Siku liliposimama chini ya mparachichi, hakuna aliyeandika kwamba tumepoteza 30,000. Mimi nilikuwa karani na sikuandika. Nilikuwa naona gari limepakwa rangi mpya ya bluu, basi.

Nieleze kidogo jinsi timu ya watu wasio na hela inavyoendeshwa, maana watu huuliza. Kwanza unang'oa. Tuling'oa viti vya nyuma, mazulia, redio, spika, vitasa vya vioo, kila kilichokuwa na uzito na hakikuwa na kazi. Viti tuliviuza, spika tukaziuza. Kisha unaanza kurudisha, na kila unachorudisha kina bei mara kumi ya ulichong'oa. Kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka hakichezewi. Baba mdogo alikuwa na mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ujenzi wa mtu, tukafurahi, mpaka tulipopata kanuni tukaona kwamba bomba lazima liwe la chuma lisilo na mshono, na unene wake umetajwa kwa milimita. Tukayaacha ya maji. Kuchomelea alichomelea mwenyewe, usiku, wakati ambapo umeme hauyumbi sana. Mikanda ya kiti yenye ncha nne ilitoka Nairobi mkononi mwa mtu. Shokapu za nyuma zilitoka kwenye gari lililoanguka karibu na Nyamwaga. Matairi yalikuwa ya mtumba, na tuliyapanga kwa ubora kama walimu wanavyopanga wanafunzi: wa mbele, wa nyuma, na wa kubebwa tu.

Ufadhili? Mwenye duka moja la vipuri alitupa makopo mawili ya oili kwa sharti kwamba jina la duka lake lichorwe mlangoni kwa herufi kubwa kuliko jina la dereva. Mchoraji akalikosea jina. Mwenye duka akaja kutazama, akasimama kimya muda mrefu, kisha akasema kopo la pili turudishe.

Mazoezi tulifanya Jumapili alfajiri kwenye barabara ya vumbi, kabla watu hawajaanza kwenda kanisani. Najua si halali na sijitetei. Msoma ramani anaandika kona zote kwenye kijidaftari, kushoto kali, kulia ndefu, shuka, jiwe, kisha safari ya pili anazisoma kwa sauti na dereva anaendesha kwa masikio. Baba mdogo aliendesha vizuri, si kwamba ni mjomba au baba wa mtu nasema hivyo. Alikuwa na utulivu ambao hakuwa nao akiwa na abiria. Jumapili ya tatu tukagonga mbuzi. Mwenye mbuzi, bibi mmoja, alitoka na kanga kichwani akatuambia mbuzi ana mimba. Ndugu msomaji, mbuzi aliyegongwa na gari siku zote ana mimba. Tukalipa wawili. Nikauliza niandikeje. Baba mdogo akafikiri, akasema, "Andika vipuri."

Nikaandika vipuri, shilingi 120,000. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika daftari lile, na niliuona mtamu. Nilicheka peke yangu nikiandika. Nilijiona mwandishi.

Sasa nifike kwenye ng'ombe.

Baba yangu alifariki nikiwa Darasa la Sita. Kwa mila yetu Wakurya baba mdogo akawa ndiye baba, na boma likawa chini yake. Dada yangu anayenifuata kuzaliwa aliolewa mwanzoni mwa 2022, Mugumu, wilaya ya Serengeti. Walileta ng'ombe kumi na wawili. Huku kwetu ng'ombe wa dada ni wa kaka yake: wanaingia kwa mlango mmoja na wanatoka kwa mlango mwingine, dada anaolewa ili kaka naye apate kuoa. Kwa hiyo ng'ombe wale walikuwa wangu, ingawa sikuwachunga hata siku moja, na waliochumbia wala kuchumbiwa kwa ajili yangu hawakuwapo.

Mwaka ule mafuta yakapanda. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila mazoezi yakawa kama kuchoma noti na kuota moto. Ada ya mashindano bado, leseni ya mashindano bado, nauli ya kufika Arusha bado. Jioni moja baba mdogo alinikuta chini ya mparachichi. Hakukaa. Alisimama kama mtu aliyekuja kukopa kwa mtoto.

"Mura," akasema, "ng'ombe ni wako. Mimi sitagusa bila wewe kusema. Watatu tu. Tukirudi Arusha na gari limefika, mdhamini wa kweli atapatikana."

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ningeweza kusema nilimheshimu, na ni kweli, lakini aliniuliza, hakuniamuru. Nilisema, "Uza." Na sababu naiandika hapa kwa mara ya kwanza: nilitaka sura ya Arusha. Nilikuwa nimeshaacha kumfikiria yule shujaa wa kwenye basi. Nilikuwa na riwaya mpya kichwani, fundi maskini wa Tarime na gari lake bluu, na riwaya isingeweza kuishia chini ya mparachichi. Nilikuwa nimesoma vitabu vya Elvis Musiba mpaka majalada yakatoka. Sikumbuki mahali Willy Gamba anaishiwa mafuta.

Ng'ombe watatu mnadani walileta 2,070,000. Nikauliza niandikeje. Safari hii baba mdogo hakujibu. Nikaamua mwenyewe. Upande wa mapato nikaandika: Mdhamini, ng'ombe watatu.

Tuliondoka Novemba. Timu kubwa husafirisha gari la mbio juu ya lori au trela, lisichoke kabla ya kazi. Letu lilikwenda kwa magurudumu yake, limejaa madumu, matairi na sufuria. Tulipitia Mugumu kumsalimia dada. Alituchemshia mihogo, akatufungia mayai kwenye gazeti. Mumewe hakuwapo. Mchana ulikuwa wa joto na dada alikuwa amejizungushia kanga shingoni, ameibana vizuri hata akiinama haifunguki. Niliiona. Binamu yangu aliiona pia, maana alinitazama. Tukasema gari linahitaji kuvuka hifadhi kabla lango halijafungwa, na lilikuwa neno la kweli.

Msomaji ambaye hajapita Lango la Ikoma hawezi kujua kichekesho kilichotupata. Ndani ya Serengeti mwendo wa mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Gari tulilolitengeneza mwaka mzima lipate kukimbia, tumelilipia kiingilio kama mtalii, tunaliendesha polepole kama maiti imo ndani. Nyumbu walikuwa wanarudi kusini, barabara imejaa, wanasimama katikati wanatutazama. Askari wa getini alishauliza kama tunakwenda kucheza filamu. Karibu na Seronera twiga mmoja alikimbia sambamba na sisi, kisha akatupita. Baba mdogo akapiga usukani kwa kiganja. "Milioni tatu," akasema, "na twiga anatupita!" Tulicheka mpaka binamu akaomba tusimame, na hairuhusiwi kushuka. Nadhani ile ndiyo saa timu yetu ilikuwa timu kweli. Naabi, Ngorongoro, Karatu, Mto wa Mbu, tukaingia Arusha usiku, vumbi mpaka kwenye meno.

Kwenye ukaguzi helmeti zetu zilikataliwa, muda wake ulikuwa umepita, na mkaguzi alikuwa na haki. Baba mdogo alikaa juu ya tairi kama mtu aliyefiwa. Kisha dereva mmoja wa pale Arusha, mwenye gari ambalo rimu zake peke yake zingenunua Corolla yetu, akaja akauliza tunatoka wapi. Tukasema Tarime. "Kwa gari hili? Mmelibeba na nini?" Tukamwambia tumeliendesha. Akaenda akarudi na helmeti mbili. Hakutaka hela wala hakutaka kuandikwa mahali. Katika daftari zima hakuna mstari wake, na nikisema ukweli yeye ndiye mdhamini pekee tuliyempata.

Eneo la matengenezo lilikuwa uwanja wa vumbi. Wenzetu walikuwa na maturubai, majenereta, spana za upepo zinazofungua nati kabla hujahesabu mbili. Sisi tulikuwa na jeki ya Corolla, magogo mawili, na mimi nimeshika dumu. Kituo cha kwanza walimaliza. Cha pili wakamaliza, na kulikuwa na magari sita nyuma yetu, sita, niliyahesabu mara mbili. Baba mdogo alipofungua mlango alikuwa na uso wa kijana. Binamu akaniambia, "Mzee anasikiliza. Nikisema kushoto kali, mkono umeshakwenda." Nikaandika kwa mkono unaotetemeka. Nilikuwa na sura ya Arusha.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mwezi mmoja kabla ya safari. Chini ya injini kuna sampo, bakuli la oili, na gari la mbio hufungwa bamba nene la chuma kulikinga na mawe. Bamba zuri lilikuwa 180,000. Baba mdogo alisema tulinunue. Mimi, karani, nikampigia hesabu: tukinunua bamba, mafuta ya kurudia hayatoshi. Nikapendekeza tuchomelee bati la pipa. Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye mwenye vitabu."

Kituo cha tatu kilikuwa na korongo lenye mawe. Nilisubiri na dumu langu. Magari yakaja moja moja, mpaka yale sita yaliyokuwa nyuma yetu yakaja yote. Halafu vumbi likatulia, nikawasikia ndege. Baadaye binamu alinieleza. Jiwe lilitoboa bati la pipa na sampo kwa pamoja. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Yeye akapiga kelele, "Zima!" na baba mdogo, mtu wa kufika, mtu wa Joginder na 19 kati ya 22, hakuzima. Zilikuwa zimebaki kilometa nne. Akaenda tatu na kidogo, injini ikagonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, ikakamata.

Kulirudisha gari Tarime juu ya lori, kwa njia ndefu ya Singida na Mwanza, na kulifanyia injini, viliondoka na ng'ombe wawili wengine. Sikuulizwa tena, na sikukataa. Nilifuta neno "watatu", nikaandika "watano".

Machi 2023 dada alirudi nyumbani. Alikuja na basi la asubuhi, bila mzigo, jicho moja limefumba. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi na hakumwuliza chochote. Dada alikaa siku tisa. Hakuwa bado na mtoto, na kwa sababu hiyo jambo lilikuwa jepesi kwa maneno ya wazee: mke akitaka kutoka, atoke, mahari yarudi kwa wenyewe, kumi na wawili wote, na kila mtu achukue njia yake. Nilimwambia kuna dawati la jinsia pale polisi. Akaniuliza, "Nikitoka huko nitalala kwa nani, na wale wakija hapa kudai?"

Wazee wa ukoo walikaa uani. Mmoja wao, mzee asiyependa maneno mengi, akauliza, "Ng'ombe wapo?"

Baba mdogo akatazama chini. Mtu akasema kijana ana kitabu, na alete kitabu. Nikakileta. Nikafungua ukurasa wa mapato, na nikasoma kwa sauti kama darasani, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kusoma: "Mdhamini, ng'ombe watano."

"Mdhamini ni nani?" mzee akauliza.

Sikujibu. Dada alikuwa amekaa mkekani karibu na mama. Ndiye aliyejibu. "Ni mimi," akasema. Hakupaza sauti. Mzee alitikisa kichwa, akachora chini kwa fimbo yake mistari saba, akaitazama. Saba hawafiki kumi na wawili. Kikao hakikuchukua muda.

Dada aliomba kitu kimoja tu, asirudishwe kwa basi, maana watu wa Mugumu wangemwona anashuka. Gari lililokuwa na mafuta siku ile lilikuwa lile la bluu, injini mpya, kizimba chake bado, na jina la duka limekosewa mlangoni. Alikaa kiti cha msoma ramani. Binamu alimfunga ile mikanda ya ncha nne, akaeleza kila ncha inakaa wapi, kama vile anaelekea kushindana. Mimi nilikaa nyuma juu ya tairi. Kutoka Tarime hadi Mto Mara hakuna aliyesema neno. Baba mdogo aliendesha taratibu kuliko alivyoendesha hifadhini, anakwepa kila jiwe, na kila aliyekuwa na haraka akatupita, pikipiki, lori la ng'ombe, michomoko. Baada ya daraja dada akagusa bomba la kizimba karibu na kichwa chake. "Hili ni la nini?"

"La kukulinda," baba mdogo akasema, "gari likianguka."

Dada akaliachia. Akatazama nje mpaka Mugumu.

Kizimba tulikikata wiki ile ile. Viti vya nyuma tulinunua vingine, vibaya kuliko vile tulivyouza, na gari likarudi kuwa mchomoko wa Sirari. Sakafuni kuna vibamba vinne tulimochomelea mabomba, na abiria wakiingia wanajikwaa na kutukana. Kila jioni dereva analeta hesabu, naiandika kwenye kaunta buku ile ile, na sasa kila mstari una jina lake halisi. Mbuzi ni mbuzi. Baba mdogo hataki kuona runinga Safari inapofika. Akisikia wateja wanaibishania pale gereji, huingia chini ya gari lolote lililopo.

Ng'ombe wamepanda bei. Tuliowauza kwa 690,000 tunawanunua kwa 850,000 na zaidi. Mume wa dada siku hizi yuko machimboni, harudi mara kwa mara, na hiyo ndiyo nafuu aliyoipata, wala si sisi tulioileta. Kila Jumapili jioni ananipigia simu. Tunasalimiana, anauliza hali ya mama, anauliza mvua. Kisha anauliza, "Wangapi?"

Jumapili iliyopita nilimjibu, "Kumi."

"Haya," akasema, na akakata simu kabla vocha yake haijaisha.